Goti Limechanika: Upasuaji Kwanza au Mazoezi Kwanza?

Mama mmoja aliweka bahasha ya MRI, zile picha za ndani ya goti, juu ya meza yangu na kuikandamiza kwa viganja viwili, kama mtu anayeogopa isipeperuke. "Dokta, wamesema mwanangu apasuliwe goti. Mtaani wananiambia akipasuliwa tu, michezo basi. Angekuwa wako ungefanyaje?" Mwanae, binti wa miaka 19 anayecheza netiboli, alikuwa ameketi pembeni, mguu wa kulia ameunyoosha juu ya kiti cha pili. Goti lilikuwa limevimba mpaka pia ya goti, kile kifupa cha mbele, haionekani.

Alasiri ya siku hiyohiyo akaingia fundi wa vigae, miaka 36, mtu wa bonanza za Jumapili. Bahasha yake ilikuwa na maneno yaleyale: ligamenti ya msalaba ya mbele, ile ambayo watangazaji wa mpira wanaiita ACL, imechanika yote. Picha zilifanana, lakini ushauri niliompa mmoja sikumpa mwenzake.

Mimi ni mtaalamu wa mazoezi tiba, si mpasuaji. Nalisema hili mapema ili msomaji ajue nasimama upande gani wa kitanda. Nimewapeleka wengi kwa mpasuaji na nitaendelea kuwapeleka. Kinachoniuma ni kuona kijana anaamuliwa na hofu ya mama, haraka ya kocha au maneno ya kijiweni, wakati mambo ya kupima yapo na yanaeleweka.

Ligamenti hii inafanya nini

ACL imekaa katikati ya goti, ikiunganisha mfupa wa paja na mfupa wa muundi. Inauzuia muundi usiteleze kwenda mbele na usizunguke kupita kiasi. Ukitembea au ukikimbia njia iliyonyooka, haina kazi kubwa. Ukikata kona, ukitua kwa mguu mmoja au ukifunga breki ghafla, hapo ndipo inapobeba mzigo. Ndiyo maana mara nyingi inachanika bila mchezaji kuguswa na mtu. Anasikia mlio, "pwa!", anaanguka, na ndani ya saa chache goti limejaa damu.

Netiboli ina shida yake ya pekee hapa. Sheria inamkataza mchezaji kukimbia na mpira, kwa hiyo akiudaka hewani lazima atue na kusimama hapohapo, mara nyingi kwa mguu mmoja huku mwili ukiendelea kwenda. Binti yule alichanika hivyohivyo: aliruka kudaka pasi, akatua, goti likaingia ndani. Wanawake kwa jumla wanaumia ACL zaidi ya wanaume katika michezo ya kuruka na kukata kona, karibu mara mbili hadi tatu. Sababu zinazotajwa ni pamoja na umbo la nyonga na miguu, homoni, na jambo ambalo kwetu ni kubwa zaidi: wasichana wengi hawapewi mazoezi ya nguvu mpaka wafike timu ya mkoa.

Halafu kuna mchuaji. Goti likivimba, wengi wetu tunakimbilia kuchuliwa kwa mafuta ya moto tukiambiwa "mshipa umehama". Sina ugomvi na wachuaji wa misuli iliyochoka. Lakini goti lililojaa damu ukilikanda kwa nguvu na kulivuta, unaongeza uvimbe, na kama gegedu limechanika unaweza kulimaliza. Siku za kwanza ni barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, bandeji, kuinua mguu na magongo.

Hali ambazo hazina mjadala

Kuna magoti ambayo hayasubiri ulinganisho wangu. La kwanza ni goti lililofunga: mtu hawezi kulinyoosha kabisa, limekwama kama bawaba iliyoingiwa na jiwe. Mara nyingi ni gegedu la mwezi mwandamo, lile linaloitwa meniska, limechanika na kipande kikajikunja katikati. Hilo linataka mpasuaji mapema, kwa sababu meniska ikiwahiwa inaweza kushonwa, na ikichelewa huishia kukatwa. Meniska iliyokatwa haioti tena, na goti lisilo nayo linasagika miaka mingi kabla ya wakati wake.

La pili ni goti lililotoka mahali pake kwa ajali kubwa, na mguu chini ya goti ukawa baridi, umepauka au umekufa ganzi. Hapo mshipa mkubwa wa damu uko hatarini. Ni dharura ya saa chache, usiku huohuo, hata kama goti limerudi lenyewe.

La tatu ni pale ligamenti zaidi ya moja zimechanika kwa pamoja. Nenda kwa mpasuaji wa mifupa.

Ukitoa hao, wanabaki wengi: ACL imechanika peke yake au na jeraha dogo la meniska. Hao ndio wana nafasi ya kuchagua.

Upasuaji mapema na mazoezi kwanza, ubavu kwa ubavu

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa moja: ACL ikichanika, pasua. Kisha watafiti wa Uswidi wakafanya jambo ambalo halikuwa limefanywa vizuri. Waliwachukua watu 121 wenye umri wa miaka 18 hadi 35, wote wanamichezo lakini si wa kulipwa, wakawagawa kwa bahati nasibu. Watu 62 walipasuliwa mapema kisha wakafanya mazoezi tiba. Watu 59 walianza na mazoezi tiba peke yake, na ruhusa ya kupasuliwa baadaye goti likikataa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Baada ya miaka 2, makundi yote mawili yalikuwa sawa kwa maumivu, kwa kucheza na kwa maisha ya kila siku. Katika wale 59, waliolazimika kupasuliwa walikuwa 23 baada ya miaka 2, na 30 baada ya miaka 5. Eksirei za miaka 5 nazo hazikuonyesha kwamba upasuaji ulilinda goti lisisagike.

Uholanzi walirudia mwaka 2021 kwa watu 167. Kundi lililopasuliwa mapema lilijisikia nafuu kidogo zaidi, tofauti ndogo kiasi kwamba watafiti wenyewe walisita kuiita ya maana, na nusu ya walioanza na mazoezi waliishia kupasuliwa. Halafu Uingereza, mwaka 2022, wakauliza swali lingine: vipi mtu ambaye si wa jana, ambaye goti limekuwa likimwachia kwa miezi? Katika watu 316, upasuaji ulishinda waziwazi.

Ukizisoma tafiti hizi tatu kwa pamoja, zinanifundisha hivi. Jeraha likiwa bichi, hakuna anayepoteza kitu kwa kujaribu mazoezi ya dhati ya miezi 3 akisimamiwa. Lakini goti likiendelea kutoka, kila linapotoka linatafuna meniska, na hapo kungoja kunageuka hasara. Kosa kubwa ninaloliona Dar es Salaam si kuchagua mazoezi. Ni kuyaita "mazoezi" yale ya kukaa nyumbani mpaka uvimbe upungue, kisha kurudi uwanjani ukiwa umefunga kitambaa. Hiyo haikuwa kwenye utafiti wowote.

Sasa nani aelekee wapi?

Anayecheza mchezo wa kukata kona na kuruka, kama mpira wa miguu, netiboli, kikapu au mikono, ana umri chini ya miaka 25 na anataka kurudi kwenye mashindano yenyewe: mimi namwelekeza kwenye upasuaji. Ule utafiti wa Uswidi haukuwahusisha wachezaji wa kulipwa, na wanaowatajia wachezaji wa aina hiyo utafiti ule kama kibali wanautumia pasipo pake. Anayekimbia barabarani, anayeogelea, anayeendesha baiskeli, au anayecheza mara moja kwa wiki na yuko tayari kuacha kukata kona: aanze na mazoezi, na wengi wao hawatahitaji kisu. Mtoto ambaye mifupa yake bado inakua ni habari tofauti. Kutoboa mfupa karibu na sehemu ya kukua kunaweza kuupindisha mguu, kwa hiyo atafutiwe mpasuaji mwenye uzoefu wa watoto, asipelekwe kwa yeyote aliye karibu.

Kuna wanaoishi bila ACL na wakafika mbali. DeJuan Blair alicheza NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, bila ACL kwenye goti lolote kati ya mawili yake. Mifano hiyo ni ya kweli lakini ni michache, na sitamjengea binti wa miaka 19 maisha yake juu ya mtu mmoja wa Marekani.

Hatari za upasuaji zitajwe pia. Maambukizi ndani ya goti ni nadra, chini ya mtu mmoja kwa mia katika sehemu zenye utaratibu mzuri, lakini yakitokea ni mabaya. Ngozi ya mbele ya muundi inaweza kubaki na ganzi. Damu kuganda kwenye ndama kunatokea. Kubwa zaidi ni goti gumu lisilonyooka, na hili mara nyingi linaletwa na haraka: kupasua goti ambalo bado limevimba na halinyooki. Hata aliyeamua kupasuliwa anahitaji wiki kadhaa za mazoezi kabla, mpaka uvimbe utulie, goti linyooke sawasawa na la pili, na paja liamke. Mpasuaji anayekwambia "rudi baada ya wiki 5 ukiwa unanyoosha goti" hakupuuzi. Anakutendea vema.

Hesabu ambayo haiko kwenye bili

Watu huja na bei ya upasuaji kichwani. Wanaisahau nauli.

Piga hesabu hivi. Baada ya upasuaji wa ACL, miezi 6 ya kwanza unahitaji kumwona mtaalamu wa mazoezi tiba angalau mara 2 kwa wiki. Wiki 26 mara 2 ni safari 52. Kwenda na kurudi ni nauli 104, na kama unaunganisha daladala mbili ni nauli 208. Wiki za kwanza uko kwenye magongo, kwa hiyo si daladala, ni bajaji. Weka bei ya kwenu hapo uone jumla. Aliyeanza na mazoezi bila upasuaji naye ana safari zake, kwa kawaida chache zaidi, lakini hawezi kuzikwepa. Tena yeye aweke akiba pembeni, kwa sababu kwa takwimu za Uswidi na Uholanzi, nusu ya watu kama yeye wanaweza kuishia kwenye meza ya upasuaji.

Hii ndiyo sababu namuuliza mtu anakaa wapi kabla sijamuuliza anacheza namba ngapi. Kijana wa Kilosa anayepasuliwa vizuri pale Taasisi ya Mifupa Muhimbili, kisha akarudi kijijini bila mtu wa kumsimamia, anaweza kuishia na goti baya kuliko ambaye hakupasuliwa kabisa. Kama hakuna mtaalamu karibu, panga mapema: ukae kwa ndugu mjini wiki 8 za mwanzo, upewe karatasi ya mazoezi yenye picha, urudi kupimwa kila mwezi. Fundi wa bomba anaweza kukukatia mabomba ya stendi ya kuchuchumalia. Debe la mchanga ni uzito halali. Nimeona paja likirudi kwa ndoo za maji na ngazi za shule ya msingi.

Miezi 9

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo magoti mengi yanapotea mara ya pili.

Ligamenti mpya si ligamenti siku ya kwanza. Ni kipande cha kano, ile kamba inayoshikiza msuli kwenye mfupa, kilichopandikizwa, na mwili unakifanyia kazi ya kukigeuza polepole. Katika wiki za mwanzo, takribani ya 6 hadi ya 12, kinakuwa dhaifu kuliko siku kilipowekwa, na ndiyo wiki ambazo mgonjwa anajisikia amepona. Maumivu yameisha, magongo ametupa, anatembea vizuri. Hapo ndipo kocha anapopiga simu.

Watafiti waliowafuatilia wanamichezo 106 kati ya Norway na Marekani waligundua kwamba kila mwezi aliovumilia mtu kabla ya kurudi, hadi kufika mwezi wa 9, ulipunguza uwezekano wa kuumia tena kwa karibu nusu. Nusu kwa kila mwezi. Na si kalenda peke yake. Paja la mguu uliopasuliwa lifikie angalau asilimia 90 ya nguvu ya mguu mzima, na kuruka kwa mguu mmoja vivyo hivyo. Bila mashine, mimi hupima kwa tepu ya fundi cherehani: ruka kwa mguu mzima, weka alama ya chaki, ruka kwa mguu uliopasuliwa, pima. Mguu mzima ukiruka sentimita 150 na mwingine 120, hiyo ni asilimia 80. Bado.

Nilimhudumia winga mmoja wa ndondo aliyerudi mwezi wa 5. Kulikuwa na fainali, kulikuwa na ng'ombe wa kushindaniwa, na watu wake walisema atacheza dakika 15 tu. Alicheza 11. Ligamenti mpya ilikatika akiwa peke yake na mpira. Aliponiona kesho yake hakunisalimia, aliangalia ukutani. Sikuwa na la kumwambia ambalo hakuwa amelisikia tayari.

Wanaocheza kwa mamilioni ya pesa nao hungoja. Virgil van Dijk, beki wa Uholanzi, aliumia Oktoba 2020 na hakuonekana uwanjani tena mpaka Julai 2021. Alexia Putellas, kiungo wa timu ya wanawake ya Hispania, aliumia Julai 2022, akarudi mwishoni mwa Aprili 2023. Kama klabu zenye madaktari kila mlango zinangoja miezi 9, timu ya mtaa haina sababu ya kuwa na haraka kuliko wao.

Ukweli mwingine unaostahili kusemwa kabla mtu hajasaini fomu: waliopasuliwa ACL, takribani 65 kwa kila 100 wanarudi kwenye kiwango chao cha zamani, na 55 wanarudi kwenye mashindano. Na wanamichezo chini ya miaka 25 wanaorudi, karibu mmoja kati ya wanne anachanika tena, goti lilelile au la pili. Upasuaji unakupa nafasi. Haukupi hati ya dhamana.

Kano itoke wapi

Ukishachagua upasuaji, linakuja chaguo la pili ambalo wagonjwa wengi hawaulizwi, na ningependa waulizwe. Ligamenti mpya inatengenezwa kwa kano ya mwili wako mwenyewe, na kuna sehemu tatu zinazotumika zaidi.

Kano ya mbele, ile inayotoka kwenye pia ya goti kushuka kwenye muundi, hukatwa na vipande vya mfupa kila upande, hivyo inashika haraka, mfupa kwa mfupa. Kwa kijana mwenye mchezo mkali ni imara. Ubaya wake ni maumivu ya kupiga goti, ambayo kwa baadhi ya watu hayaishi. Sasa fikiria Muislamu anayesujudu swala tano, mama anayefua na kukoboa akiwa amepiga magoti, fundi wa vigae ambaye siku nzima magoti yako sakafuni. Vitabu vingi vya nje vinalitaja jambo hili kwa mstari mmoja na kupita. Kwa watu wetu ni suala la ibada na la riziki. Mwambie mpasuaji wako kabla, kwa sauti.

Kano za nyuma ya paja hazina shida hiyo ya kupiga goti, na kovu lake ni dogo. Lakini zinachukua nguvu ya kukunja goti, na kwa mkimbiaji wa mbio fupi au winga anayetegemea kasi hilo si dogo. Pia unene wake unatofautiana: kwa mtu mwembamba zinaweza kutoka nyembamba, na kano iliyo chini ya milimita 8 inakatika kirahisi zaidi.

Kano ya juu ya pia, ya misuli ya mbele ya paja, imeanza kupendwa katika miaka ya karibuni. Ni nene na haisumbui sana wakati wa kupiga goti. Gharama yake ni paja la mbele kuchelewa kurudi, na paja la mbele ndilo tunalolihangaikia kuliko yote. Kama mpasuaji wako ameizoea, ni chaguo zuri. Kama hajaizoea, bora afanye anayoijua mikono yake.

Kano ya marehemu, inayohifadhiwa kwenye benki za tishu, inatumika Marekani na Ulaya. Kwa kijana mwanamichezo inakatika zaidi kuliko kano yake mwenyewe, kwa hiyo hata akipelekwa nje aikatae.

Kwa mchezaji kijana anayepandikizwa kano za nyuma, uliza pia kuhusu mshono wa ziada wa ubavu wa nje wa goti. Utafiti wa Kanada wa mwaka 2020, wenye vijana 618 wa miaka 14 hadi 25, ulionyesha kwamba ukiongezwa, kukatika kwa kano kulishuka kutoka asilimia 11 hadi 4.

Kidogo kuhusu kano ya kisigino

Wakongwe wa bonanza wanaonijia na kano ya kisigino iliyokatika husimulia hadithi moja: "Nilidhani nimepigwa teke nyuma, kugeuka hakuna mtu." Hapa mizani iko karibu sawa kuliko kwenye goti. Norway waliwalinganisha watu 554, wakachapisha mwaka 2022. Baada ya mwaka mmoja, waliopasuliwa na waliofungwa buti maalumu la kuinua kisigino walikuwa sawa kwa utendaji. Tofauti ilikuwa kukatika tena: 6.2 kwa mia bila upasuaji, 0.6 kwa waliopasuliwa. Kwa mtu wa miaka 45 mwenye kisukari au mvutaji sigara, ambaye kidonda chake kitachelewa kupona, nachagua buti bila kusita. Kwa mwanariadha anayelipwa, nachagua uzi. Sharti ni moja kwa wote wawili: aanze matibabu ndani ya wiki mbili za kwanza. Ukikaa mwezi ukichua, kano inajiponea ikiwa ndefu, na nguvu ya kusukuma hairudi.

Dakika 20 dhidi ya mizunguko miwili

Nenda uwanja wowote wa mchangani saa kumi na nusu jioni. Wachezaji wanazunguka uwanja mara mbili, wanasimama duara, wanavuta misuli huku wakipiga soga, kisha wanampigia kipa mashuti kwa nguvu zao zote. Kujinyoosha kwa kusimama hakuna ubaya, ila hakujaonyesha kuzuia majeraha. Na shuti la kwanza la nguvu kwenye msuli wa baridi ndilo linalonipatia wagonjwa wa nyama za paja.

Linganisha na programu iitwayo 11+, iliyotayarishwa chini ya FIFA mwaka 2006. Ina mazoezi 15 kwa dakika 20: dakika 8 za kukimbia taratibu kwa mitindo, dakika 10 za nguvu, mizani na kuruka, dakika 2 za mbio za kasi na kukata kona. Haihitaji kifaa zaidi ya mpira na koni, na koni inaweza kuwa chupa ya maji. Siku ya mechi unafanya zile sehemu za kukimbia tu, ili miguu isichoke.

Norway waliijaribu kwa wasichana 1,892 wa miaka 13 hadi 17, na majeraha yakapungua kwa karibu theluthi, yale makubwa yakapungua kwa karibu nusu. Mtu atasema hiyo ni Ulaya, nyasi za zulia. Basi njoo Lagos: vijana 416 wa ligi ya vijana, matokeo ya mwaka 2014, majeraha yalishuka kwa asilimia 41. Rwanda nao wameijaribu kwa wachezaji wa ligi zao na majeraha yakapungua. Kwa ACL yenyewe, ukichanganya tafiti za programu za aina hii, zinapunguza kuchanika kwa karibu nusu, na kwa wasichana wanaochanika bila kuguswa kwa karibu theluthi mbili.

Sharti ni mara 2 kwa wiki au zaidi, msimu mzima. Timu zinazofanya kwa wiki tatu na kuacha hazipati kitu. Na ubora ni jicho la kocha kwenye jambo moja: mchezaji akitua, goti likae juu ya vidole, lisiangukie ndani. Simama mbele yake, si pembeni. Ukiona magoti mawili yanabusiana wakati wa kutua, umempata mgonjwa wangu wa mwaka ujao, na bado hujachelewa.

Zoezi moja ningelibakiza hata mkiacha mengine yote. Mchezaji anapiga magoti kwenye majani, mwenzake anamshika vifundo, yeye anajiachia kwenda mbele polepole kadiri anavyoweza kuzuia, anaangukia mikono. Linapunguza majeraha ya nyuma ya paja kwa karibu nusu. Wiki ya kwanza watalalamika misuli inauma. Anzeni na mara 5, si 15.

Waliochagua nini

Fundi wa vigae alichagua mazoezi. Alikuja kwa miezi 3, akiacha baiskeli yake chini ya mwembe, na leo anacheza kipa kwenye bonanza. Goti halijamtoka. Alinunua pedi za magoti za sponji kwa ajili ya kazi, jambo ambalo angepaswa kulifanya miaka 10 iliyopita. Kama siku moja litaanza kutoka, tumekubaliana asicheze hata dakika moja zaidi kabla hajamwona mpasuaji.

Binti alipasuliwa baada ya wiki 6, goti likiwa limenyooka. Mama yake aliniuliza kuhusu swala kabla sijamuuliza mimi, wakachagua kano za nyuma ya paja pamoja na mshono wa ubavu. Wiki ya 9 alilia kwa sababu paja lake lilikuwa jembamba kuliko mkono wa kaka yake. Tukalipima kwa tepu kila Ijumaa mpaka akaacha kuliogopa. Alirudi uwanjani mwezi wa 11, si wa 9, kwa kuwa mwezi wa 9 aliruka sentimita 128 kwa mguu wa kulia na 149 kwa wa kushoto.

Kocha wake alikuwa akianza mazoezi saa kumi na nusu. Siku hizi timu inakutana saa kumi na dakika kumi, na mipira inabaki kwenye gunia mpaka wamalize kuruka.